Vidole Ndani ya Mtungi

Febronia alikuwa anafuta vumbi tu. Maonyesho ya mwaka yalikuwa yamekaribia, na ukumbi wa Chama cha Sanaa za Mikono pale Ikungi ulikuwa umeingiwa na upepo wa Agosti, ule ambao kwetu Singida haupigi hodi. Alikuwa ameshamaliza picha, vinyago na vikapu, vikiwemo vile alivyosuka mwenyewe, akafika kwenye mitungi ya Bibi Kristina wa Sepuka. Ndani ya ule mkubwa kuliko yote akaona buibui amejenga. Akaingiza mkono kumtoa. Buibui akatoka mbio, mkono wa Febronia ukabaki ndani.

Chini kidogo ya shingo ya mtungi, mahali ambapo kile kipande cha kibuyu cha kulainishia hakifiki, palikuwa na alama za vidole. Hilo lenyewe si jambo la ajabu, maana mtungi haufinyangwi kwa macho. Lakini Febronia alipoviweka vidole vyake katika mifereji ile, vilipwaya, kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake.

Akautoa mkono, akautazama, akauingiza tena.

Ikumbukwe kwamba Febronia si mwanamke wa mikono midogo. Tangu usichana dada zake walimtania kwamba Mungu alimkosea akampa mikono ya mpiga matofali. Bibi Kristina, kwa upande mwingine, alikuwa na viganja ambavyo ungeweza kuvifunika kwa kifuniko cha birika la chai. Mwaka uliopita Febronia alimshika mkono akimsaidia kushuka kwenye pikipiki, akaogopa asije akauvunja.

Sasa hivi vidole vilikuwa vya nani?

Chama chenyewe hakikuwa kitu kikubwa. Palikuwa na ghala la zamani la alizeti, limekaa miaka bila kazi, kijiji kikawapa wasanii walitumie. Wakafagia, wakaziba paa, wakapaka chokaa. Hapakuwa na tajiri nyuma yake wala mtu wa kugawiwa faida. Kilichouzwa kilikuwa cha aliyekitengeneza, na sehemu ndogo ilibaki kwa ajili ya paa na mafunzo ya Jumamosi. Mwanzoni watu wa mnadani walikuwa wakichungulia mlangoni na kuuliza, "Mnatazama vyungu vya nini, kwani jikoni kwenu hamna?" Baadaye wakazoea kuingia kukimbia jua, na wakishaingia wanakaa. Wengi walisimama mbele ya mitungi ya Bibi Kristina. Ilikuwa na matumbo mapana na shingo ndefu zinazopanda taratibu, na juu yake michoro midogo midogo kama nyayo za kware. Ndiyo maana mwaka huu chama kilikuwa kimeamua kumheshimu. Angekaa katikati ya ukumbi na kufinyanga mtungi mbele ya watu.

Febronia alimwita Pendo, mfinyanzi mwenzao kijana, aliyekuwa anapanga vyungu vyake karibu na dirisha.

"Hebu tia mkono humu. Chini ya shingo. Unasikia nini?"

Pendo akapapasa. Uso wake ukabadilika polepole. "Mbona ni mikubwa hivi?"

"Labda udongo umepanuka kwenye moto?"

"Hapana, mama. Udongo ukikauka unanywea, na ukichomwa unanywea tena. Kama alama ziko hivi leo, siku zilipotiwa zilikuwa kubwa zaidi."

Wakatazamana. Kisha wakafungua mitungi mingine ya Bibi Kristina, mmoja baada ya mwingine, na mikono yao ikapwaya katika yote, isipokuwa chungu kimoja kidogo kilichokuwa kimesahauliwa stoo, kile alicholeta siku alipojiunga na chama miaka mingi iliyopita. Mle ndani vidole vilikuwa vidogo, tena vidogo sana, na vidole vya Febronia havikupata pa kukaa.

Mwenyekiti wa chama, Mwalimu Antipasi, aliingia akawakuta wamekaa sakafuni katikati ya mitungi kama kuku waliotamia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mchoraji wa mabango. Febronia hakumweleza kitu. Alimwambia tu aingize mkono. Mwalimu akausukuma kwa shida kwenye mdomo wa mtungi, ukapita, kisha akasema kwa mshangao, "Ah! Kama glovu!"

Alipoelezwa, mshangao ukamtoka. Akautoa mkono, akajifuta kwenye suruali.

"Dada Febronia, kadi za mwaliko zimeshakwenda. Huyu mama anasifiwa mpaka Singida mjini. Wewe ukichimba sana utakuta maji ya chumvi."

"Chumvi nayo ina kazi yake, Mwalimu."

"Nakuomba uliache."

Febronia aliitikia, na kwa muda wa siku nzima alijaribu kweli kuliacha. Alisuka kikapu akakifumua. Alipika ugali ukaungua. Si kwamba alitaka kumuumbua mtu, la. Lakini kuna watu ambao swali likishawaingia ni kama mchanga kwenye kiatu. Mtu huwezi kutembea nao. Huna budi kukaa chini uvue. Kesho yake asubuhi akakodi pikipiki ya kwenda Sepuka, akijipa sababu kwamba anakwenda kumwuliza Bibi Kristina atahitaji udongo kiasi gani siku ya maonyesho.

Alimkuta ameketi barazani, anapepeta mtama. Walisalimiana kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyaturu, kwa kirefu, mpaka habari za mifugo na za majirani zikaisha. Viwiko na vifundo vya mikono ya Bibi Kristina vilikuwa vimefungwa vipande vya kanga.

"Samweli hajambo?" Febronia aliuliza. Njia nzima alikuwa amewaza kwamba mwenye vidole ni Samweli, mtoto wa kiume wa Bibi Kristina.

"Hajambo. Yuko Tabora na malori yake. Hatujamwona tangu Krismasi."

Basi si Samweli. Febronia akaomba ruhusa ya kwenda uani kunawa. Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta wa zizi, akakuta kile ambacho hakuja kukitafuta: gunia bichi limefunikwa juu ya kitu cha mviringo. Akaliinua kidogo. Ulikuwa mtungi usio na shingo bado, tumbo lake linang'aa kwa maji. Kazi ya asubuhi ile ile. Na mikono ya Bibi Kristina ilikuwa imefungwa kanga, inapepeta mtama kwa taabu.

Aliporudi barazani alimkuta mzee Mughwai, mume wa Bibi Kristina, ametoka zizini. Sepuka nzima ilimjua kwa ng'ombe wake, na kwa maneno yake machache.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu." Akamletea maziwa kwenye kikombe cha bati.

Febronia akapokea kwa mikono miwili. Hakutazama maziwa. Alitazama vidole vya mzee vilivyokuwa vinakiachia kikombe: virefu, vinene kama mipini ya jembe, na pembeni ya kucha kulikuwa na udongo wa kijivu umekauka. Si samadi wala vumbi la njiani. Angeweza kunywa maziwa, akashukuru, akaondoka. Siri ingebaki pale pale ilipokuwa, na yeye angekuwa ameshajua. Lakini kujua kwa kuiba hakukumridhisha.

"Baba," akasema, "naomba unisamehe kwa nitakalouliza. Ule ndani ya mtungi ni mkono wako?"

Mzee Mughwai aligeuka akatazama ng'ombe, kana kwamba swali limetoka kwao. Kisha Bibi Kristina akaanza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukamteleza mapajani na mtama ukamwagika.

"Nilimwambia!" alisema, akijifuta machozi kwa bega. "Nilimwambia, Mughwai, siku moja atakuja mtu wa kuingiza mkono. Wageni wote hao wanazungukazunguka mtungi, wanapiga picha, hakuna hata mmoja anayetaka kujua ndani kuna nini!"

"Mama Samweli," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha."

Akasimulia. Vifundo vilianza kumuuma pole pole, akawa hawezi tena kuuvuta udongo upande juu. Mumewe ndiye aliyekuwa akimchotea udongo mbugani na kuukanda, kwa kuwa ni kazi nzito, na kwa hiyo hakuna aliyemshangaa akiwa na tope mikononi. Siku moja akiwa amekwama na shingo ya mtungi, analia kwa maumivu, Mughwai alipiga magoti upande wa pili, akatia mkono ndani, akasema, "Niongoze." Shingo ile ilikuwa mbaya. Ya pili ilikuwa mbaya pia.

"Lakini alikuwa ananitazama tangu tulipooana. Kumbe macho yake yalikuwa yameshajifunza, mikono ndiyo ilikuwa imechelewa. Sasa anavuta kuliko nilivyowahi kuvuta mimi. Michoro ya nje ni yangu, hiyo sitampa mtu. Umbo ni lake."

"Na kwa nini iwe siri?" Febronia aliuliza.

Bibi Kristina akamwelekezea kidevu mumewe, maana yake: mwulize yeye.

Mzee alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono katikati ya magoti kama anayeificha. "Kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake. Unajua hilo. Mimi nikikaa na wenzangu kwa Edward, tunakunywa pombe yetu, tunazungumza ng'ombe. Edward tumetahiriwa pamoja. Wakijua kwamba mimi nafinyanga, hawatanitukana. Watacheka. Tusi mtu unalijibu. Kicheko unakijibuje?"

Swali jingine lilikuwa limeshamfika Febronia kinywani, na hili hakulipanga. "Unapenda, baba? Hiyo kazi?"

Mzee aliinua uso. Ilionekana wazi kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

"Ng'ombe namlisha, namtibu, namfungia," akasema. "Lakini hata nisipokuwepo, ng'ombe ni ng'ombe. Huu udongo ni tope tu. Halafu unafika mahali, ukiwa na mkono ndani na mkono nje, unausikia unataka kwenda juu wenyewe. Wewe unaufuata tu. Ndiyo. Napenda."

Bibi Kristina hakucheka tena. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu aliyesikia habari mpya ndani ya nyumba yake.

"Basi siku ya maonyesho watataka nivute shingo mbele yao," alisema. "Mimi nimechoka kupongezwa kwa kitu ambacho sikukifanya."

"Na mimi sijachoka kunyamaza," alisema mzee, akainuka kwenda kwa ng'ombe wake.

Wakati wa kuagana Febronia aliahidi kwamba kuuliza anauliza, ila kutangaza hatangazi. Njia nzima ya kurudi, kati ya mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, hakuona raha aliyotegemea. Alikuwa amelipata jibu lake, na sasa jibu lilimwelemea kuliko swali. Pale Ikungi alimwambia Mwalimu Antipasi kwamba Bibi Kristina mikono inamwuma, ingefaa aongee tu na watu, asifinyange. Mwalimu akakubali. Lakini baada ya siku chache ikaja salamu kutoka Sepuka: Bibi Kristina atakuja, na atakaa kwenye udongo. Mtu asimzuie.

Atafanya nini? Febronia aligeuza swali hilo huku na huku na hakulipatia mwisho.

Siku ya maonyesho ilikuwa siku ya mnada, na ukumbi ulifurika. Walikuwepo wageni kutoka Singida, wanafunzi, akina mama wa kanisani na wa msikitini, wachungaji wa ng'ombe waliofunga biashara mapema. Bibi Kristina alikaa juu ya ngozi ya mbuzi katikati, amevaa kitenge kipya. Mzee Mughwai alisimama nyuma kabisa na fimbo yake, na mbele yake, kwenye viti vya katikati, alikuwepo huyo Edward, mzee mnene mwenye kofia ya pama, mcheshi, anayejulikana na kila mtu.

Bibi Kristina alifungua vile vipande vya kanga vifundoni, akaanza. Alifinyanga kitako cha mtungi, akaongeza kamba za udongo, akainua tumbo. Alifanya kazi polepole, na kila aliyekuwa karibu aliona midomo yake inavyokazana. Tumbo lilipofika mahali pa kuanza kukunja kuelekea shingo, akaacha. Akaweka mikono yake miwili juu ya mapaja.

"Mimi naishia hapa," alisema.

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni utani.

"Sitanii. Tangu mikono yangu iugue, shingo zote mnazozisifu zimevutwa na mtu mwingine. Yumo humu ndani. Akitaka kuja, atakuja. Asipotaka, mtungi huu hautakuwa na shingo, na mimi nitakwenda nao nyumbani hivi hivi, wala sitamlaumu."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mwalimu Antipasi alimtazama Febronia kwa macho makali, Febronia akatazama nyuma. Aliona mzee Mughwai akiegemeza fimbo yake ukutani. Kisha akamwona anageuka na kutoka nje.

Katikati ya ukumbi Bibi Kristina alibaki ameketi, amenyooka, hatazami mlango. Febronia hakuweza kuvumilia. Akapenya kati ya watu, akatoka.

Alimkuta mzee bombani, nyuma ya jengo. Alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, anajisugua kwa sabuni ya unga, kwa nguvu, kama anayefua.

"Baba?"

"Nilijipaka mafuta," alisema bila kugeuka. "Mama Samweli aliniambia, leo ni sherehe, jipake mafuta. Udongo haukai na mafuta." Akasuuza, akanusa viganja, akatia sabuni tena. "Edward bado yumo?"

"Yumo."

"Amesogea mbele?"

"Katikati."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akasuuza mara ya mwisho, akaingia. Watu walimpisha bila kujua wanampisha kwa nini. Alipofika usawa wa viti vya katikati, Edward akamshika shati.

"We Mughwai! Unakwenda wapi huko kwa wanawake?"

"Nakwenda kazini," alisema mzee.

Akapiga magoti mbele ya mke wake. Akaloweka vidole. Mkono wa kushoto ukazama ndani ya mtungi, wa kulia ukakaa nje.

Kweli, walicheka. Kilianza kicheko kimoja upande wa wachungaji, kikapata cha pili, na cha Edward kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Mabega ya mzee yalipanda, na kwa mara ya kwanza udongo ukatetemeka. Bibi Kristina akasema neno moja kwa sauti ya chini mno, ambalo Febronia hakulisikia. Mabega yakashuka. Udongo ukaanza kupanda.

Febronia alikuwa amesogea mpaka karibu kuanguka juu yao. Hili ndilo alilolitaka tangu siku ya buibui, kuona mkono ule unavyofanya. Aliona mshipa wa kiwiko ukicheza. Aliona ukuta wa udongo ukiwa mwembamba kati ya vidole vya ndani na vya nje, ukinyooka, ukijibana kama kiuno, ukitoka tena juu kama shingo ya korongo anayesikiliza. Kicheko kilikuwa kimepungua bila mtu kukikataza. Wale wa nyuma walikuwa wamepanda juu ya mabenchi. Mtoto mmoja wa shule aliuliza kwa sauti, "Anajuaje pa kukomea?" na hakuna aliyemnyamazisha, kwa kuwa wote walitaka kujua.

Mzee aliutoa mkono. Shingo ilikuwa imelala kidogo upande wa kulia.

"Imepinda," alisema Bibi Kristina.

"Sakafu ndiyo imepinda."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na safari hii mzee mwenyewe alicheka.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Edward aliondoka bila kuaga. Mgeni mmoja aliyekuwa ameulizia mtungi mkubwa alisema kwamba alikuwa anataka kazi halisi ya Bibi Kristina, akaondoka mikono mitupu. Mwalimu Antipasi alimnunia Febronia mpaka jioni, kisha akaja na kadi mpya za kuweka chini ya mitungi, akauliza aanze na jina la nani. Hapo mume na mke wakabishana, kila mmoja akisukuma la mwenzake mbele, mpaka Pendo akazichukua kadi akaandika anavyotaka mwenyewe. Na ule mtungi uliofinyangwa mbele ya watu ulipasuka kwenye moto. Bibi Kristina alisema aliutegemea upasuke, udongo wenye hofu haukai.

Febronia alikwenda tena Sepuka baada ya mvua za kwanza. Alimkuta mzee Mughwai akifinyanga barazani, mbele ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye barabarani anamwona. Walipomaliza salamu alimwuliza kama kwa Edward bado anakwenda.

"Sijaenda. Yeye ndiye anayekuja." Mzee alilowesha vidole, akapima unene wa udongo. "Mara ya kwanza alikuja kucheka. Akakaa pale kwenye kigoda, akacheka mpaka akachoka. Kesho yake akaja tena, hakucheka sana. Akaanza kuuliza. Kwa nini huongezi maji. Kwa nini huo mkono haukwami. Unajuaje kama umekuwa mwembamba mno."

"Ukamjibu nini?"

"Mambo hayo hayajibiki kwa mdomo." Mzee akaonyesha kwa kidevu upande wa uani, ambako kulisikika mtu anahema na kitu kizito kinapigwa juu ya jiwe. "Nimempa udongo. Yuko kule, anaukanda."